Ikoni ya Kibizanti kwa rangi ya mayai: namna ya kuitengeneza ukiwa Moshi

Swali hili linarudi kila nikikaa na wachoraji wa Arusha au watu wa kwaya huku Moshi, kwahiyo ngoja nilimwage lote hapa. Ikoni ni picha takatifu ya kuchorwa kwenye ubao. Tunatengeneza moja ya Kristo, ubao wa sm 20 kwa 25, kwa njia ya Wabizanti, wale Wakristo wa dola ya Roma ya Mashariki, makao yake Konstantinopoli, yani kwa kiini cha yai, udongo wa rangi, gundi ya ngozi na unga wa chaki. Sio ile ya kuprinti picha steshenari ukaibandika kwenye plaiwudi ukapiga vanishi, hiyo ipo, watu wanainunua, sina ugomvi nayo ila sio mada ya leo.

Kabla hujatoa hela mfukoni shika jambo moja. Ikoni inaanza gizani inaelekea kwenye mwanga. Uso mzima unaupaka kwanza rangi ya giza, halafu juu yake unaongeza mwanga, tabaka hadi tabaka, kila tabaka dogo kuliko la chini yake na jeupe zaidi. Hakuna mahali unakaa chini ukachora kivuli. Kivuli ni ile sehemu tu ambayo mwanga haujafika. Wengi wetu tumezoea kinyume chake, unaanza na karatasi nyeupe unaongeza weusi, na ndio maana mchoraji mzuri kabisa wa mjini anaweza akatoa ikoni ambayo ina kila kitu lakini ukiiangalia unaona kalenda ya duka.

Sasa yai limetoka wapi. Ikoni za zamani sana hazikuwa za yai, nyingi zilikuwa za nta ya nyuki, nta inayeyushwa, inachanganywa na rangi, inapakwa ingali ya moto. Waroma wa Misri walikuwa wanachora hivyo sura za marehemu wao, zile picha za Fayum, kwahiyo hii sanaa ina mguu mmoja Afrika tangu mwanzo. Ikoni ya Kristo maarufu kuliko zote za aina hiyo iko kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, monasteri iliyojengwa kwa amri ya Kaisari Justiniano. Ni ya karne ya 6, ina urefu wa sm 84 na upana wa sm 45.5, na ukiiangalia vizuri nusu mbili za uso hazifanani, upande mmoja umetulia, mwingine una ukali, nyusi imepanda. Imepona kwa sababu ya mahali ilipokuwa tu. Kuanzia miaka ya 720 makaisari wa Konstantinopoli walianza kupiga vita picha, zikafutwa, zikachomwa, zikafunikwa, mpaka mtaguso wa Nikea wa 787, yani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaziruhusu, halafu mwaka 815 zikapigwa tena marufuku hadi 843. Sinai wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Waislamu, amri ya Kaisari haikufika kule, ndio pona yake. Vita ilipoisha wachoraji walikuwa wameegemea zaidi kwenye yai, na yai limekaa hadi leo.

Na ndugu zangu Walutheri wa Machame msinishike shati, najua swali linalokuja, je, huku sio kuabudu picha? Mtaguso ule wa 787 ulilijibu: picha inapewa heshima, ibada ni ya Mungu peke yake, na heshima unayompa picha inapita inaenda kwa yule aliyechorwa. Ukikubali au ukikataa hiyo ni kati yako na mchungaji wako, mbinu za kuchora ni zile zile.

Tuanze na ubao.

Wabizanti walitumia miti waliyokuwa nayo, na saiprasi ilikuwa mmojawapo. Bahati yetu saiprasi huku imejaa, imepandwa kwenye mashamba ya miti West Kilimanjaro na Rongai, kila muuza mbao anayo. Tafuta kipande kisicho na vifundo, unene sm 2 hadi 2.5, kikavu. Muuzaji atakuapia kwamba huu umekauka. Mwitikie tu, halafu nenda kauweke ndani nyumbani wiki kadhaa ukiwa umesimama, usiegemee ukuta wenye unyevu, uone kama utapinda. Ukipinda bora upinde sasa hivi kuliko baada ya kuupaka. Paini iache, ina utomvu unaotoka miaka na miaka ukapasua kila kitu juu yake. Msaji nao una mafuta, gundi haikai. Mkangazi ni mtamu ila bei yake unaijua.

Kama ndio mara yako ya kwanza mimi nakushauri tumia MDF au plaiwudi nzuri ya mm 18. Najua wapo watakaosema sio asili, waache waseme, MDF haipindi na wewe unachotaka kujifunza sasa ni kupaka. Ukienda na mbao halisi mwambie fundi akutolee mifereji miwili nyuma inayokatisha nyuzi za ubao, apitishe pau mbili ngumu bila gundi na bila msumari, zikae kwa kubana tu. Ubao unavimba masika na unasinyaa kiangazi, ukiupigilia misumari utapasuka katikati ya uso wa Yesu. Fundi atakuona wa ajabu na atatamani kupigilia kamsumari kamoja tu ka usalama, mkatalie.

Gundi. Ya asili ni ya ngozi, huko Ulaya wanatumia ya sungura, sisi tunatumia jelatini ya unga inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, ile isiyo na sukari wala ladha, sio jeli nyekundu ya watoto. Gramu 10 kwa mililita 100 za maji baridi, iache ivimbe kama nusu saa, halafu weka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka iyeyuke. Isichemke. Jelatini iliyochemka inapoteza nguvu na hutajua hadi siku jeso, yani ule mpako mweupe unaokaa chini ya rangi, inabanduka. Gundi nyeupe ya mbao usiweke hapa, inafunga uso ukawa wa plastiki na rangi ya yai inakosa pa kunywea.

Ukwaruze uso wa ubao kwa kisu, mistari ya kukatana, kisha paka gundi hiyo ukiwa umeongezea maji kidogo, iache ikauke hadi kesho. Halafu kitambaa. Wabizanti waliweka kitani ili ubao ukipata ufa mdogo usifike kwenye picha. Kitani kipya ni ghali, nenda Memorial kwenye mitumba utafute shati la kitani au shuka la pamba lililochoka, lisiwe na nailoni ndani. Lifue, likate, lizamishe kwenye gundi ya vuguvugu, lilaze kwenye ubao ulipige kwa viganja mpaka hewa yote itoke. Kwa MDF unaweza kuruka hatua hii, dunia haitaisha.

Sasa jeso, na hapa ndio wengi wanaharibikiwa kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jeso ni gundi ile ile ya jelatini pamoja na unga wa chaki. Ulizia kalsiamu kaboneti kwa wauza kemikali za sabuni na rangi, iwe laini kabisa. Usichukue chokaa ya kupakia nyumba, ile inaunguza mikono na inaharibu gundi. Usichukue jipsamu ya dari pia, inaganda yenyewe ndani ya sufuria kabla hujafika popote. Wataliano wa zamani walitumia jipsamu ndiyo, lakini waliiloweka kwenye maji mengi wakaikoroga kila siku karibu mwezi mzima mpaka ikapoteza ile tabia ya kuganda, kama una huo uvumilivu hongera.

Gundi ikiwa ya vuguvugu, nyunyizia unga taratibu kwa chujio, usikoroge, uache uzame wenyewe, endelea mpaka unga unaanza kubaki juu kama kisiwa. Iache dakika kumi na tano. Kisha koroga polepole sana kwa brashi, bila kutengeneza mapovu, maana kila povu litakuwa kashimo kwenye shavu la mtu. Inatakiwa iwe nzito kama uji mwepesi. Bakuli libaki kwenye maji ya moto muda wote, hasa kama uko Arusha mwezi wa saba, ukizubaa tu imeganda.

Tabaka la kwanza jembamba, lisugue kwa vidole liingie kwenye nyuzi za kitambaa. La pili kwa brashi upande mmoja, la tatu ukatishe, unaenda hivyo, nane au kumi zinatosha. Usisubiri likauke kabisa, ule mng'ao wa maji ukishaondoka paka lingine, na jitahidi umalize zote siku moja. Usianike juani. Narudia kwa sababu huku jua la saa sita linashawishi, usianike juani, tabaka la juu linakauka kabla ya la chini na unapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Masika inakauka kwa kujivuta, vumilia. Baada ya siku mbili tatu piga msasa wa 220, malizia na 400, vaa barakoa maana vumbi lake halina mchezo, mpaka ukipitisha kiganja usihisi chochote.

Mchoro. Usichore moja kwa moja kwenye jeso, chora kwenye karatasi ya saizi ile ile kwanza. Na hapa kuna siri nzuri ya Wabizanti ambayo naipenda kuliko zote, kichwa kizima kinapimwa kwa urefu wa pua. Unaweka ncha ya bikari kati ya macho, pale pua inapoanzia. Duara la kwanza lina nusu kipenyo cha pua moja, hilo linabeba macho, paji la uso na mashavu, na ncha ya pua inaligusa kwa chini. Duara la pili ni pua mbili, hilo ndio mwisho wa nywele juu na pembeni, na kidevu chini. Duara la tatu ni pua tatu, hiyo ndio nuru inayozunguka kichwa, na kwa chini inapita kwenye kishimo cha koo. Kwa ubao wetu fanya pua sm 2. Kitovu cha bikari kiwe sm 8 kutoka juu, katikati ya upana. Nuru itakuwa na nusu kipenyo cha sm 6, itabakiza sm 2 juu yake, na uwiano utakaa wenyewe hata kama mkono wako sio wa msanii. Macho yafanye makubwa kuliko kawaida, pua nyembamba ndefu, mdomo mdogo. Nywele zigawanyike katikati na vinywele viwili vitatu vishuke kwenye paji.

Mkono wa kulia unabariki, wa kushoto umeshika Injili. Vidole vya baraka sio vya kuotea, vinaandika IC XC, jina la Yesu Kristo kwa kifupi cha Kigiriki: kidole cha shahada kimenyooka ni I, cha kati kimepinda ni C, dole gumba linakatana na cha pete kutengeneza X, kidole cha mwisho kimepinda ni C tena. Ikoni nyingine, ile ya Sinai ikiwemo, zinaunyoosha mkono kwa namna rahisi zaidi, viwili juu na dole gumba limegusa cha pete. Kama vidole vinakushinda anza na hiyo.

Kuhamisha: sugua udongo mwekundu mkavu nyuma ya karatasi, ilaze kwenye jeso, pitisha kalamu ngumu juu ya mistari. Ukitoa karatasi una mchoro mwekundu. Mistari mikuu, yani nuru, mpaka wa mabega, macho, ikwaruze kidogo sana kwa sindano ili usiipoteze ukishaanza kupaka juu yake.

Dhahabu ijadiliwe kwa ufupi. Dhahabu kwenye ikoni sio pambo la kuonyesha tajiri ametoa, ni ule ule mwanga niliosema mwanzo. Ukienda kwenye majengo yao utaona akili ni moja, Hagia Sophia ya mwaka 537 ina kuba la karibu mita 31 na chini yake wamezungusha madirisha 40 ili mwanga uingie pale juu, na mafundi wa mozaiki walikuwa wanavipachika vile vipande vya kioo chenye dhahabu kwa kuviinamisha kidogo kidogo ili ukitembea ukuta uwe unawaka na kuzima. Ubao wako mdogo unafanya kazi hiyo hiyo. Majani ya dhahabu halisi itabidi uagize mtandaoni. Ukiyapata, njia rahisi kwa anayeanza ni maji ya kitunguu saumu: twanga, kamua, chuja kwa kitambaa, paka mara mbili kwenye nuru na kwenye uwanja, yani ile sehemu tupu inayozunguka mtu, acha ikauke, kisha pumulia hewa ya mdomo ya joto sehemu ndogo na ulaze jani papo hapo. Inashika kweli. Hii unaifanya kabla ya rangi yoyote. Kama hela hamna paka uwanja wote kwa udongo wa njano, ikoni kibao za zamani ziko hivyo na ni nzuri, ila tafadhali sana usinunue rangi ya dhahabu ya kopo. Ile ni unga wa shaba, baada ya muda inageuka kahawia na kijani na kazi yote inaonekana imechakaa.

Rangi zenyewe ndio sehemu ambayo mkazi wa Kilimanjaro anamzidi mtu wa Ulaya. Udongo mwekundu tunaukanyaga. Chukua wa ndani, sio wa juu wenye mizizi, uvunje kwenye ndoo ya maji, koroga, acha sekunde chache mchanga uzame, mimina yale maji ya rangi kwenye ndoo nyingine, rudia mara kadhaa. Acha yatulie usiku, mwaga maji masafi ya juu, ule ute uliobaki chini uanike kwenye sinia. Ukishakauka saga kwenye kioo kinene kwa jiwe laini la mtoni mpaka usisikie mkwaruzo. Huo ni oksaidi ya chuma, haipauki kwa jua. Ukikuta ukingo wa barabara uliokatwa wenye tabaka la njano chota kidogo pia, udongo wa njano ndio utatumika kuliko rangi zote kwenye uso. Mvivu wa kuchota udongo aende hadiwea akanunue redoksaidi ya sakafu, ndio hiyo hiyo oksaidi ya chuma, ingawa nyingine zimejazwa vitu, ichunguze.

Nyeusi ni masizi ya chemli au mkaa uliosagwa mpaka ukalainika. Nyeupe, zamani ilikuwa ya risasi na ni sumu, sisi tunatumia titani daioksaidi. Buluu ndio ilikuwa balaa, ile nzuri kabisa ilisagwa kutoka jiwe la lazuli la Afghanistan na gharama yake ilikuwa inatisha, mpaka Mfaransa mmoja akapata zawadi mwaka 1828 kwa kuitengeneza kiwandani. Na sasa cheka, rangi hiyo ya kiwandani ndio ile buluu ya unga au ya vidonge ya kufulia nguo nyeupe kwa mangi. Isage, iloweke kwenye maji, iache izame, mwaga maji mara mbili tatu kutoa magadi yaliyochanganywa, una buluu. Ile ya maji ya kwenye chupa usitumie, ni rangi ya nguo na itapauka.

Kila unga ukorogee maji ya kawaida uwe mzito, weka kwenye vichupa.

Sasa yai. La kienyeji au la kisasa, lolote, ule unjano wa kiini unapauka wenyewe kwa mwanga kwahiyo usihangaike. Pasua, tenga ute, kiini kihamishe kiganja hadi kiganja ukijifuta mikono mpaka kikauke nje. Kishike ngozi yake kwa vidole viwili juu ya glasi, kitoboe kwa sindano, kimwagike, ngozi ibaki mkononi uitupe. Ongeza maji kiasi sawa na kiini, na matone machache ya siki. Kwenye friji inakaa siku kadhaa, pua itakuambia ikishaisha. Ute peleka jikoni.

Kwenye kisahani changanya rangi iliyokorogwa na yai, nusu kwa nusu kwa kuanzia. Halafu ipime, usikisie: paka mstari kwenye kioo, ukikauka upitishie wembe. Ikitoka kama utepe unaojikunja, sawa. Ikitoka unga, ongeza yai. Ikiwa inang'aa na kunata sana yai limezidi na baadaye itapasuka. Kila rangi ina kiu yake, masizi yanakunywa yai kuliko udongo, kwahiyo pima kila moja.

Rangi hii inakauka ndani ya sekunde. Huwezi kuichanganya ikiwa kwenye ubao kama rangi ya mafuta, na watu wa Tingatinga waliozoea enameli ya kopo hili huwatesa wiki ya kwanza. Unapaka nyembamba, ya majimaji, mara nyingi. Unataka ulaini unapitisha vimistari vidogo vidogo vinavyofuata umbo, ukigusa pale pale kabla haijakauka inabanduka mpaka kwenye jeso.

Mpangilio: uwanja, nguo, halafu nywele, uso na mikono mwisho. Vazi la ndani la Kristo ni jekundu la kuiva, redoksaidi na chembe ya buluu, vazi la nje buluu. Ukija kumchora Mama wa Mungu inageuka, buluu ndani na jekundu la zambarau nje, na nyota tatu, paji na mabega mawili. Kwenye nguo pia unafuata sheria ile, paka lote giza, kisha mikunjo itolewe kwa mwanga, mara tatu, kila mara eneo linapungua. Mikunjo iwe na kona, iliyonyooka kidogo, sio ya mawimbi.

Uso. Changanya udongo wa njano mwingi na nyeusi kidogo, utaona inatoka kijani cha zeituni, ongeza chembe ya nyekundu. Paka uso wote, shingo na mikono, tabaka mbili au zaidi mpaka jeso isionekane kabisa. Unatisha hapo, wengi wanaogopa wanaanza kuupunguza giza. Usipunguze. Rudisha mistari ya macho na pua kwa kahawia iliyokoza.

Mwanga wa kwanza ni njano, nyeupe kidogo, nyekundu kidogo. Paka paji, mashavu, mgongo wa pua, kidevu, shingo kidogo, acha giza kwenye mashimo ya macho, pembeni mwa uso, chini ya pua. Mpaka kati ya giza na mwanga uulainishe kwa vile vimistari. Mwanga wa pili ongeza nyeupe, eneo dogo zaidi. Wa tatu dogo zaidi tena. Hapo utaona uso unakuja mbele wenyewe, na hata ukifika hapa ukachoka bado una ikoni. Wekundu mwembamba sana kwenye mashavu na mdomo wa chini. Mwisho kabisa vimistari vyeupe karibu vitupu, vichache, chini ya macho, juu ya nyusi, ncha ya pua. Vichache nimesema. Kosa la kawaida ni kunogewa na hivi mpaka uso unakuwa umepakwa poda.

Halafu jina. Kwa desturi ikoni isiyo na jina haijakamilika hata kama ni nzuri vipi. Pembeni mwa kichwa andika IC upande mmoja na XC upande wa pili, herufi ya kwanza na ya mwisho ya Yesu na ya Kristo kwa Kigiriki, na kistari juu ya kila jozi. Ndani ya nuru chora msalaba, na kwenye mikono yake mitatu inayoonekana Ο, Ω, Ν, ni lile jina la Kutoka 3:14, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO". Watakatifu wengine waandike kwa Kiswahili, hakuna ubaya, Waorthodoksi wa Tanzania wako chini ya Patriarki wa Alexandria na ibada wanaendesha kwa Kiswahili.

Kuhusu mafuta ya kumalizia. Kwa desturi inapakwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, hadiwea wanayaita linsidi. Subiri angalau wiki kadhaa, yai lenyewe linaendelea kukomaa kwa miezi. Laza ubao, mimina kidogo, sambaza kwa kiganja, kila baada ya dakika chache futa yaliyozidi mpaka yaanze kunata, hapo futa yote ubakize utando mwembamba. Mafuta haya yanakoza rangi vizuri mno, lakini yanageuka meusi baada ya miongo kadhaa, ikoni nyingi za Warusi zilikuwa nyeusi tii mpaka zilipokuja kusafishwa, ile Utatu ya mchoraji wao Rublev ilianza kusafishwa mwaka 1904. Mimi napenda nta ya nyuki iliyolainishwa, utando mwembamba, unasugua kwa kitambaa. Haikozi rangi sana ila haidhuru. Ukitumia linsidi, matambara yake usiyarundike, yanaweza kuwaka moto yenyewe bila kiberiti, yaloweke kwenye maji au yatandaze nje yakauke.

Kutundika: usiibane moja kwa moja kwenye ukuta, gundisha vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, nyuma kwenye kona ili hewa ipite. Isiwe juu ya jiko wala pale jua la jioni linapopiga. Usiifute kwa kitambaa kibichi, brashi laini kavu inatosha. Na nyuma yake uikague kila baada ya miezi, jelatini na yai ni chakula, mende wanajua hilo, na kama nyumba ina mchwa saiprasi yako haitawazuia.